Kutu ya Majani ya Kahawa: Kazi ni Kabla ya Mvua



Kila msimu wa mvua ukiisha, swali moja hutufikia kutoka kwa vikundi vya milimani vyenye miti ya kahawa karibu na nyumba: "Majani yana unga wa machungwa kwa chini, halafu yanaanguka. Tunyunyize dawa gani?" Ni swali zuri, lakini mara nyingi linaulizwa wakati umeshapita. Kwa hiyo makala hii tunaitoa kwa ugonjwa huo peke yake. Tungependa isomwe kwa sauti kikundini, na anayejua kusoma amsaidie asiyejua.

Jambo kubwa tunalotaka kusema ni hili: kutu haili sana mavuno yaliyo mtini leo. Inakula ya mwaka ujao. Ndiyo maana wengi hawaiogopi. Wanaona matunda yapo, wanachuma, wanafurahi, halafu msimu unaofuata mti hautoi kitu na wanalaumu udongo au mbegu.

KAHAWA NA KUTU ZILIFIKAJE KWETU?

Kahawa si mgeni Taita. Mwaka 1893 mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa katika misheni yao ya Bura. Hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kahawa ya Kenya. Ilikuwa ya aina ya Bourbon, ambalo ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Baadaye kahawa ya misheni ilifika St. Austin's, Nairobi, na kuenea kwa walowezi. Mpaka leo kuna aina ya kahawa duniani inayoitwa "French Mission" kwa sababu ya mapadre wale. Kumbe mti huu ulipitia mlangoni kwetu kwanza.

Kutu nayo ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1861 msafiri mmoja Mwingereza aliiona kwenye mibuni karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 1869 ikatokea Ceylon, nchi tunayoiita sasa Sri Lanka, ambayo wakati ule ilikuwa ikiuza kahawa nyingi sana. Haikupita miaka 20, mashamba mengi ya kahawa yakawa yameachwa na watu wakageukia chai. Katika mashamba ya Kenya ilitambuliwa mwaka 1912. Mwaka 1970 ikafika Brazil, na mwaka 2012 ikaleta hasara kubwa Amerika ya Kati, hata vibarua wengi wakakosa kazi. Basi tusiuchukulie ugonjwa huu kama uchafu kidogo kwenye majani.

KUTU NI NINI HASA?

Neno kutu tumelizoea kwenye jembe na bati. Ya kahawa imepewa jina hilo kwa sababu ya rangi tu. Siyo chuma, siyo mdudu, wala siyo laana ya mtu. Ni kuvu, yaani jamaa ya ukungu unaoota kwenye mkate uliolala. Kuvu hii inaishi juu ya jani bichi la kahawa na kunyonya chakula chake.

Ule unga wa machungwa ni mbegu za kutu, ndogo kuliko vumbi. Zinabebwa na upepo, na matone ya mvua yanazirusha kutoka jani hadi jani. Hata nguo na mikono yetu huzihamisha tukipita kati ya miti. Mbegu ikitua chini ya jani haiwezi kuota bila maji. Jani likibaki limelowa kwa saa nyingi, kama usiku wa mvua au asubuhi ya ukungu mzito, mbegu inaota na kuingia kupitia vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia. Vitundu hivyo viko upande wa chini. Ndiyo sababu unga unauona chini, siyo juu.

Ikishaingia, hutaona kitu kwa muda wa wiki tatu au zaidi. Mti unaonekana mzima kabisa. Halafu doa la manjano linatokea juu ya jani, na chini yake unga mpya, maelfu kwa maelfu ya mbegu zilizo tayari kusafiri. Shikeni hapo: unga mnaouona leo umetokana na mvua ya wiki kadhaa zilizopita.

Kutu hii hupenda joto la wastani, kama digrii 21 hadi 25. Kwa hiyo hapa kwetu miti ya miteremko ya chini huwa na hatari zaidi kuliko ile ya juu kabisa kwenye baridi ya kuelekea Vuria. Kule juu adui mkubwa huwa ni ugonjwa mwingine, ule unaoozesha matunda mabichi na kuyatia madoa meusi.

KWA NINI NI MAVUNO YA MWAKA UJAO?

Jani ndilo jiko la mti. Chakula cha mizizi, matawi na matunda kinapikwa hapo. Kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Mti ukipoteza majani wakati umebeba matunda, chakula kidogo kilichobaki kinavutwa na matunda hayo. Matawi mapya hayakui, mengine yanakauka kuanzia ncha. Msimu ujao maua yatatoka wapi? Hesabu ya hasara inakuja wakati mtu ameshasahau majani yaliyoanguka.

Kwa familia iliyopanga kulipa karo kwa kahawa, au kikundi kilichokopa ili kununua miche, huo ni mwaka mzima umepotea.

KWANZA HAKIKISHENI NI KUTU

Tumeona watu wakinunua dawa ya kutu kwa mti ambao shida yake ni njaa. Kabla ya kutoa pesa, geuzeni majani ya matawi ya chini na ya ndani, maana huko ndiko kutu huanzia. Kisha fanyeni hivi:

1. Pangusa chini ya jani kwa kidole au kitambaa cheupe. Ukipata unga wa rangi ya machungwa, ni kutu.

2. Ukiona mabaka ya kahawia juu ya jani, na ukibandua ngozi yake unakuta viwavi vidogo, hao ni wadudu wanaochimba jani. Dawa ya kutu haiwafanyi lolote.

3. Ukiona madoa ya mviringo ya kahawia yenye kitovu cheupe au cha kijivu, bila unga, ni ugonjwa mwingine wa kuvu. Mara nyingi huonekana kwenye miche iliyokaa juani au isiyo na mbolea ya kutosha.

4. Jani likiwa la manjano lote, bila unga wala doa, fikirieni mbolea na magugu kwanza.

5. Matunda mabichi yakiwa na madoa meusi yaliyobonyea, hiyo siyo kutu. Kutu hukaa kwenye majani.

Mkibaki na wasiwasi, chukueni majani machache ndani ya karatasi mpeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi. Yeye yupo kwa kazi hiyo, tusimwonee haya.

Swali lingine la nyumbani: je, kutu ya maharagwe, ya mahindi au ya mti wa maua inaweza kuhamia kahawa? Hapana. Magonjwa ya kutu ni mengi, na kila moja lina mimea yake. Ya maharagwe haiwezi kuishi kwenye mbuni, na ya mbuni haiwezi kuishi kwenye mahindi. Kwa hiyo msikate mti wa maua wa mama jirani mkidhani ndio ulioleta ugonjwa. Kahawa iliambukizwa na kahawa. Ugomvi wa namna hiyo hauponyi jani hata moja.

KAZI ZISIZOHITAJI DUKA

Sehemu kubwa ya kuzuia kutu inafanywa na panga, msumeno na jembe. Lengo ni mawili: jani likauke haraka baada ya mvua, na mti uwe na nguvu.

Kupogoa. Baada ya kuvuna, ondoeni matawi yaliyokauka, yaliyopandana, na yanayogusa ardhi. Machipukizi yanayotoka shinani yasiachwe yawe kichaka. Acheni mashina machache yaliyopangwa, mengine yatoeni yakiwa bado laini. Ukisimama kando ya mti unapaswa kuona mwanga ukipita katikati.

Kivuli. Wengi wetu tumechanganya kahawa na migomba na miti ya mbao. Si vibaya, kwani kivuli kidogo huzuia mti usizae kupita nguvu zake. Lakini migomba ikifunga kama paa, majani ya kahawa hayakauki mpaka saa sita. Punguzeni majani makavu ya mgomba na vichipukizi vyake, na mkate matawi ya chini ya miti mikubwa.

Nafasi. Aina za zamani kama SL28 na SL34 zilipandwa kwa futi 9 kwa 9, na hazikupangiwa hivyo bure. Mtu akibana miti ili apate mingi, anajenga nyumba ya kutu.

Samadi. Debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mti kwa mwaka ni msaada mkubwa. Mti ulioshiba hutoa majani mapya upesi kuliko yanavyoanguka. Wekeni na matandazo, mkiacha nafasi kidogo karibu na shina.

Magugu. Palilieni kabla magugu hayajafika kwenye matawi ya chini, kwa sababu huweka unyevu.

Vipi kuhusu majani yaliyoanguka? Kutu inaishi kwenye jani bichi. Likishakauka chini siyo chanzo kikubwa tena. Hakuna haja ya kufagia shamba lote na kuchoma, maana mnachoma mbolea yenu. Na tafadhali msiunyonyoe mti mzima majani yenye madoa. Ukifanya hivyo umeisaidia kutu kumaliza kazi yake. Kwenye kitalu ni tofauti: huko mche wenye kutu utolewe mapema usiambukize wenzake.

DAWA YA KOPA: PAA HUEZEKWA KABLA YA MVUA

Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni kopa, ile ya madini ya shaba. Ni nzuri, lakini wengi hawaelewi inavyofanya kazi. Kopa haiponyi doa lililokwishaingia. Inakaa juu ya jani kama bati juu ya nyumba, na mbegu ya kutu ikijaribu kuota inakufa. Nani anaezeka nyumba mvua ikiwa imeshaingia ndani?

Huku kwetu mvua za masika ni kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Basi dawa ya kwanza inyunyizwe kabla mvua hazijaanza: mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi kwa masika, na mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba kwa vuli. Kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki tatu hivi, kwa sababu mvua inaiosha na majani mapya yanatoka bila kinga. Anayesubiri kuona unga ameshachelewa wiki tatu au zaidi.

Mambo ya kuzingatia:

• Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuongeza kijiko "ili iwe kali" ni kupoteza pesa na kuharibu udongo.

• Nyunyizeni upande wa chini wa majani. Elekezeni mdomo wa pampu juu, mkitokea chini ya matawi. Dawa ya juu tu haifiki inakotakiwa.

• Kabla ya kuchanganya dawa, jazeni pampu maji matupu mnyunyize miti kumi. Mtajua maji yanayohitajika, na hamtabaki na dawa ya kumwaga.

• Chagueni siku isiyo na upepo mkali, majani yakiwa makavu.

• Anayenyunyiza avae mikono mirefu, glavu, viatu vya gamu na kitambaa cha kufunika mdomo na pua. Asile wala kuvuta sigara mpaka ameoga. Watoto na kuku wakae mbali.

• Pampu isioshewe mtoni. Shaba inaua samaki na viumbe vya majini. Tukumbuke kwamba maji ya mto Voi yanaanzia kwenye milima yetu, na walio chini wanayategemea kwa mifugo na bustani. Pakiti tupu isigeuzwe kibebeo cha chumvi.

• Fuateni siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye pakiti.

Zipo pia dawa zinazoingia ndani ya jani, zinazoweza kutumika ugonjwa ukiwa umeanza. Ni ghali zaidi, na zikitumiwa ovyo kutu huzizoea. Msinunue bila ushauri wa afisa wa kilimo. Na mwarobaini? Unasaidia kwa wadudu kadhaa, lakini tumeshasema kutu si mdudu.

MBEGU INAYOSTAHIMILI

SL28 na SL34 zina kahawa tamu sana, lakini kutu inazipenda. Wataalamu wa Ruiru walitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Zote mbili zilitengenezwa zistahimili kutu na ule ugonjwa wa matunda. Sehemu ya nguvu hiyo ilitokana na mti mmoja uliogunduliwa katika kisiwa cha Timor, Asia, miaka ya 1920. Kwa anayepanda upya, tunashauri aanze na hizi. Mwenye miti ya zamani yenye mizizi mizuri si lazima aing'oe: anaweza kukata shina na kuunganisha kikonyo cha aina mpya juu yake. Kazi hiyo inajifunzwa, na kijana mmoja wa kikundi akiijua anawahudumia wote.

Lakini tusidanganyane. Kustahimili siyo kinga ya milele. Kutu nayo hubadilika na kutoa vizazi vipya. Huko Honduras, aina iitwayo Lempira ilitangazwa kuwa inahimili kutu, na mwaka 2017 ikaonekana imeshindwa. Hivyo hata mwenye Batian aendelee kupogoa, kutia samadi na kugeuza majani.

Miche inunuliwe kwenye kitalu kilichosajiliwa. Tumeona miche ikiuzwa stendi na kando ya barabara, mtu anaapa ni Batian, na hakuna wa kuhakikisha. Mche wa kahawa unakaa nawe miaka 30 na zaidi. Shilingi chache ulizookoa siku ile zitakugharimu miaka yote hiyo. Tena mche mgonjwa ndio gari la kuleta kutu kwenye kijiji ambacho hakikuwa nayo nyingi.

KIKUNDI KINAWEZA NINI AMBACHO MTU MMOJA HAWEZI?

Upepo haujui mpaka wa shamba. Mtu akitunza miti yake 50 na jirani ana kichaka cha kahawa kilichoachwa, mbegu zitarudi tu. Hapa ndipo nguvu ya kikundi inapoonekana. Tunapendekeza:

1. Nunueni pampu moja au mbili za kikundi, zitumike kwa zamu, na kila anayeitumia achangie kidogo kwa matengenezo.

2. Wekeni siku ya kupogoa pamoja baada ya mavuno. Anzieni kwa wajane na wazee wasioweza kupanda mlima na panga.

3. Nunueni kopa pamoja mwezi wa Februari na wa Septemba, wakati kila mtu bado anafikiria mbegu za mahindi. Pesa za kopa zitengwe siku ya malipo ya kahawa, maana zikifika nyumbani zina kazi nyingine.

4. Chagueni watu wawili wa kukagua. Mara moja kwa mwezi wakati wa mvua wapite kila shamba, wageuze majani ya miti kumi, na kuandika kwenye daftari miti mingapi ina unga. Baada ya misimu miwili mtajua wenyewe ni shamba gani huanza kuugua na mwezi gani.

5. Mwenye shamba lililoachwa atembelewe kwa upole. Huenda anaishi Mombasa, huenda ni mgonjwa. Muulizeni kama kikundi kinaweza kumtunzia miti kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya mzee wa kijiji.

NA WALIO VOI NA TAVETA?

Ninyi wa chini, kahawa si zao lenu, jua lenu ni kali na mvua ni chache. Lakini mafundisho mengi yanawafaa kwenye kutu ya maharagwe na mahindi: mbegu inayostahimili, nafasi ya kutosha, na kutolowesha majani jioni. Mnaomwagilia bustani kwa ndoo au mpira, mwagieni shinani, tena asubuhi, ili majani yasilale na maji usiku kucha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Msimu uliopita, majani ya kahawa yalianza kuanguka mwezi gani? Mavuno yaliyofuata yalikuwaje?

2. Kati ya kazi tulizotaja zisizohitaji pesa, ni ipi hatujaifanya mwaka huu? Nani ataongoza, na ni siku gani?

3. Je, tuna mashamba yaliyoachwa karibu nasi? Nani anafahamiana na wenyewe?

4. Pesa za kopa zitatoka wapi kabla ya mvua zijazo, na nani atazitunza?

Kikundi kitakachoanza kuandika daftari la ukaguzi kitutumie habari zake kupitia ofisi ya parokia, tuwashirikishe wengine katika toleo litakalofuata. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.